Taiti ya Mazoezi na Sitara

Mama mmoja ametuuliza: binti yake aliinama mazoezini, taiti ikaonyesha mwili, akaona haya, na tangu siku hiyo hataki mazoezi tena. Je, amwache?

Jawabu letu: asimwache. Mwili ni amana, na amana hutunzwa. Lenye kasoro ni vazi, si mazoezi.

Kabla ya kununua, tia mkono ndani ya taiti, uivute, uielekeze penye mwanga. Ukiiona ngozi, irudishe. Mshipi wake uwe mpana, usiteremke mtu achutamapo; na juu yake livaliwe gauni pana lifikalo magotini.

Tena tukumbuke kuwa taiti hunyumbuka kwa nyuzi za spandeksi, zilizovumbuliwa Marekani mwaka 1958. Adui wa nyuzi hizo ni joto na dawa ya madoa yenye klorini. Basi igeuzwe ndani nje, ifuliwe kwa maji baridi, ianikwe kivulini, wala isipigwe pasi. Ikipuuzwa hulegea na kupauka. Iliyositiri jana, leo haisitiri.

Enyi mabinti, ikagueni kila mfuapo, wala msiache mazoezi. Wabillahi taufiki.