AFYA YA JAMAA: Goti lenye kuvimba

Hapa Kalemie mtoto akitoka kwenye mpira anachechemea, tunasema: «Alianguka tu.» Mara nyingi ni kweli. Lakini maumivu yakipita majuma mawili, yakimuamusha usiku, na uvimbe ukiongezeka, mumupeleke hospitali apigwe picha ya mfupa. Kuna kanseri ya mifupa, ya nadra, yenye kushika zaidi vijana wa miaka 10 mpaka 20, mara nyingi karibu na goti. Hailetwi na mpira, wala na uchawi wa bibi. Musikande, musichanje. Dawa na operesheni zinaweza kuiponyesha, zaidi kama haijafika mapafuni. Pengine munganga ataomba kukata mguu. Musimutoroshe mtoto usiku. Heri atembee na magongo kuliko sisi tumulilie.