Kidonge cha Usiku na Hofu ya Kusahau

Na Zuhura Kingalu
Safu ya Kando ya Barabara ya Kilwa

Jioni, daladala zikimwaga abiria Mbagala Rangi Tatu, maduka ya dawa nayo hujaa kama magenge ya nyanya. Muuzaji hana muda wa maneno. Anachomoa karatasi ya vidonge kumi, anaitumbukiza kwenye bahasha ndogo, anaandika kwa kalamu "1×1 usiku", anapokea hela, anaita anayefuata. Ndani ya bahasha mna atorvastatini ya miligramu 20, dawa ya kushusha lehemu, yale mafuta ya kwenye damu yanayojijenga katika kuta za mishipa. Bahasha haisemi dawa inazuia nini, wala itamezwa mpaka lini. Mnunuzi, mama wa miaka sitini na ushee ambaye dawa ya presha ameshaizoea, anaondoka na maswali yake. Majibu atayakuta kwenye simu ya mjukuu.

Simu inamwambia dawa hiyo inakausha ubongo. Ujumbe wa namna hiyo huzunguka kwenye magrupu ya familia, ya vikoba, ya misikiti na makanisa, na kila anayeusambaza huongeza chumvi yake: ubongo umejengwa kwa lehemu, ukiishusha lehemu unajifuta kumbukumbu. Wiki hiyohiyo mama akisahau alipoweka funguo, kesi imekwisha. Kidonge kinatupwa, na daktari haambiwi.

Kwa maoni ya safu hii, kidonge kinabebeshwa kosa ambalo kwa sehemu kubwa si lake, na vinavyoharibu kweli kumbukumbu za wazee wa Mbagala vinaendelea na kazi bila kuulizwa.

Hata hivyo, hofu yenyewe haikuokotwa jalalani. Mwaka 1999 Duane Graveline, daktari Mmarekani ambaye NASA ilimteua mwaka 1965 kuwa mmoja wa wanaanga wake wanasayansi, aliandikiwa Lipitor, jina la biashara la atorvastatini. Wiki chache baadaye kumbukumbu zilimpotea kwa saa kadhaa. Akaiacha dawa. Mwaka uliofuata akakubali kuianza tena kwa nusu dozi, na yakamkuta yaleyale. Graveline aliandika kitabu akaiita dawa hiyo mwizi wa kumbukumbu, na mengi yanayosambazwa leo ni mwangwi wa simulizi yake, hata kama anayesambaza hajawahi kulisikia jina lake. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa za watu 60 waliodai kupoteza kumbukumbu baada ya kuanza statini, familia ya dawa ambayo atorvastatini ni mojawapo. Kisha Februari 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliagiza maelezo ya statini yaongezewe onyo: baadhi ya watumiaji wameripoti kusahau na kuchanganyikiwa, hali ambayo kwa kawaida si kubwa na huisha dawa ikiachwa.

Sehemu hiyo ya mwisho huwa haifiki Mbagala.

Simulizi za watu 60 zina shida moja. Watu wa umri huo husahau, wameze dawa wasimeze. Njia ya kujua ni kuwagawa watu kwa bahati nasibu, hawa wapewe dawa, wale wapewe kidonge kisicho na dawa, na asiwepo mgonjwa anayejua amepata kipi. Uingereza walifanya hivyo kwa watu 20,536 na matokeo yakatoka mwaka 2002. Miaka mitano ya kumeza simvastatini ya miligramu 40 haikuleta tofauti yoyote katika vipimo vya akili na kumbukumbu. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliofanyika Scotland, Ireland na Uholanzi, uliwachukua wazee tu, 5,804 wa miaka 70 hadi 82, ukawapima kumbukumbu mara kwa mara. Kumbukumbu zilipungua kidogo kadiri umri ulivyokwenda, na zilipungua sawasawa kwa waliopewa dawa na kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Mwaka 2015 ukaja utafiti uliochimbua mafaili ya madaktari wa familia ya watumiaji wa statini zaidi ya 480,000 huko Uingereza. Ndiyo, katika siku 30 za mwanzo malalamiko ya kusahau yaliongezeka yakilinganishwa na wasiotumia dawa yoyote. Lakini yaliongezeka vilevile kwa watu walioanza dawa za kushusha lehemu ambazo si statini kabisa. Dawa za aina tofauti, zinazofanya kazi kwa njia tofauti, zimezaa lalamiko lilelile. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mtu aliyeanza dawa mpya hujichunguza, na hurudi kwa daktari mara nyingi zaidi.

Utafiti wa Imperial College London uliotoka Novemba 2020 ndio mzuri kuliko yote kusimulia. Waliwatafuta watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja akapewa chupa 12 za mwaka mzima: nne zina atorvastatini ya miligramu 20, nne zina vidonge visivyo na dawa, nne tupu. Kila siku waliandika kwenye simu wanajisikia vibaya kiasi gani. Miezi ya chupa tupu ilikuwa nafuu. Miezi ya dawa ilikuwa mibaya. Na miezi ya vidonge visivyo na kitu ilikuwa mibaya karibu vilevile: asilimia 90 ya adha waliyoipata kwenye dawa waliipata pia kwenye kidonge kitupu. Walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao walirudia dawa.

Mtu asije akasoma hapo kwamba wagonjwa ni waongo. Adha yao ilikuwa ya kweli, nyingi ni ya maumivu ya mwili, ila chanzo chake kwa sehemu kubwa kilikuwa hofu ya kumeza. Na hofu hiyo huenezwa na kila anayebonyeza kitufe cha kusambaza.

Hoja ya lehemu kuwa sehemu ya ubongo ina ukweli nusu. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini umebeba karibu robo ya lehemu yote. Kinachoachwa ni kwamba ubongo hujitengenezea lehemu yake wenyewe. Ile inayozunguka kwenye damu huzuiwa mlangoni, haiingii. Kuishusha ya kwenye damu hakupunguzi akiba ya kichwani.

Sasa kuhusu vinavyoiba kumbukumbu kweli. Kati ya 2003 na 2006 watafiti waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam. Umri uliposawazishwa, Hai ilipata karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilipata karibu 316. Ni karibu mara tatu, ndani ya nchi moja. Na si kila kiharusi humwangusha mtu akapooza upande. Viko vidogo vinavyopita usiku, mzee anaamka ulimi mzito kwa saa moja halafu anasema amepata nafuu, na mke wake anasema ni uchovu. Vikijirudia mwaka hadi mwaka, vinamega akili kipande kwa kipande. Ule utafiti wa Uingereza wa watu 20,536 ulionyesha pia kwamba waliomeza simvastatini walipata viharusi pungufu kwa robo. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet kuhusu ugonjwa wa kusahau liliongeza lehemu mbaya ya umri wa kati kwenye orodha ya vihatarishi 14 vinavyoweza kupunguzwa, pamoja na presha, kisukari, sigara na usikivu hafifu.

Isije ikageuzwa upande wa pili, maana wauzaji nao hawakosekani. Statini haiongezi akili. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na mtandao wa watafiti wa Cochrane mwaka 2016 ulikuta kwamba kuwapa wazee dawa hizi kwa lengo la kuwakinga na ugonjwa wa kusahau hakukuzuia ugonjwa huo. Kazi yake ni moyo na mishipa.

Madhara inayo. Baadhi huumwa misuli, sukari ya damu inaweza kupanda kidogo, na mara chache sana misuli huharibika vibaya. Anayeumwa misuli mwili mzima huku mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi aende hospitali siku hiyohiyo. Na anayesema kweli kwamba tangu aanze kidonge kichwa kinamchanganya asibezwe. Daktari anaweza kukisimamisha kwa muda, akapima, akampa dawa nyingine ya familia hiyohiyo isiyoingia sana kwenye ubongo, kama rosuvastatini. Hilo ni tofauti na kuacha kimyakimya.

Watanzania wamezoea kujadili sahani zao, hasa tangu Prof. Mohamed Janabi, akiwa kwenye taasisi ya moyo ya JKCI na baadaye Muhimbili, alipowaandama na habari za sukari na milo mingi hadi akatungiwa vichekesho mitandaoni. Siku hizi yuko Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Vidonge havijapata msemaji wa namna hiyo. Kliniki ina foleni, duka la dawa lina haraka, na nafasi iliyobaki imechukuliwa na magrupu.

Ndiyo maana dawa inayovuruga kweli vichwa vya wazee inapita bila kelele. Piritoni, kidonge cha mafua na muwasho, huuzwa kila kona, na wapo wazee wanaokimeza kila usiku ili wapate usingizi. Huzuia kemikali ambayo ubongo huitumia kutunza kumbukumbu, na madaktari wa wazee wa Marekani wamekiweka kwenye orodha ya dawa ambazo mtu wa umri mkubwa aziepuke. Amitriptilini, inayotolewa kwa ganzi na maumivu ya mishipa ya fahamu, imo kwenye orodha hiyohiyo. Metformini ya kisukari ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu wake huleta usahaulifu unaotibika kwa sindano au vidonge. Hakuna anayesambaza ujumbe kuhusu hayo.

Kwa hiyo mzee wa Charambe au Kizuiani anayesahau aende kliniki na mfuko wa dawa zake zote, siyo bahasha moja tu: ya presha, ya sukari, ya mafuta, ya usingizi, piritoni alizoazima kwa jirani, na ile chupa ya mitishamba iliyonunuliwa ndani ya basi la Kongowe ambayo hakuna anayejua ina nini.