Akili Nyingi Huondoa Maarifa: Msomi na Donda la Kuwaza na Kuwazua

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkejeli mjuaji, lakini ina maana nyingine inayomgusa mwanafunzi wa chuo kikuu moja kwa moja. Yupo msomi asiye mvivu wala mpungufu wa akili. Kila usiku huketi mbele ya pendekezo lake la utafiti, akalipima, akalipinga, akalitetea, kisha akalifuta. Alfajiri humkuta na aya ile ile ya jana. Msimamizi hajaona hata ukurasa mmoja, karo inazidi kulipwa, na jamaa nyumbani wanauliza mahafali ni lini. Makala haya yanashikilia kwamba tatizo la msomi huyu si kufikiri kidogo bali ni kufikiri kusikokoma, na kwamba utulivu wa moyo hupatikana kwa kuipa fikra kikomo.

Kiswahili chenyewe kimeutambua ugonjwa huu zamani. Mtu akisemwa kuwa ana mawazo mazuri, anasifiwa. Akisemwa kuwa ana mawazo tu, anaonewa huruma. Wasiwasi nao ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo huhusiana na mnong'ono: sauti ndogo isiyonyamaza. La kuzingatiwa zaidi ni usemi "kuwaza na kuwazua". Katika jozi kama funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, kitenzi cha pili hutengua kazi ya kile cha kwanza. Kwa mantiki hiyo, mtu angetarajia kwamba anayewazua anaondoa alichokiwaza. Kumbe katika matumizi, kuwazua ni kuzidi kuwaza! Pengine hapa ndipo penye siri: mwenye kuwaza na kuwazua husuka ukili asubuhi na kuufumua jioni, na mkeka haupatikani abadani.

Fasihi nayo haikunyamaza. Katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji (1974), Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye kila tukio humrudisha kwenye maswali ya maana ya maisha, na mwishowe hujitoa uhai. Wahakiki wengi wameisoma kazi hii kwa mwanga wa udhanaishi, na wana haki. Hata hivyo, isingefaa wanafunzi wa fasihi wakamsifu Kazimoto kwa kina cha fikra zake pasi na kutazama upweke uliozizunguka. Yapo masuali mazito ambayo mtu hawezi kuyabeba peke yake, na elimu yake haimwondolei udhaifu huo.

Saikolojia imelishuhudia jambo hili kwa njia yake. Susan Nolen-Hoeksema na Jannay Morrow walikuwa wamewahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani kuhusu namna wanavyoikabili huzuni, kabla ya tetemeko la ardhi la Loma Prieta la tarehe 17 Oktoba 1989. Walipowapima tena siku 10 na wiki 7 baada ya mkasa, walibaini kwamba waliokuwa na mazoea ya kuizungukia huzuni yao kwa mawazo walionyesha dalili zaidi za sonona. Naye E. J. Masicampo, pamoja na Roy Baumeister, walichapisha mwaka 2011 majaribio yaliyoonyesha kwamba jambo lisilokamilika hupunguza kuisumbua akili pindi mtu anapoliwekea mpango mahususi, hata kabla ya kulitimiza.

Baadhi ya wasomi watapinga. Watauliza: je, chuo kikuu si mahali pa kufikiri? Naam, ni mahali pa kufikiri. Lakini uhakiki na kuwazua ni vitu viwili. Uhakiki huishia katika sentensi inayoweza kusomwa, kupingwa na kusahihishwa na mtu mwingine. Kuwazua hakuna msomaji; mshtaki, wakili na hakimu ni mtu mmoja, na kesi huahirishwa kila usiku. Isitoshe, hofu ya kukosea mara nyingi hujificha nyuma ya kisingizio cha ukamilifu. Tasnifu ambayo haijaandikwa haina kosa hata moja, lakini pia haina faida kwa yeyote.

Dawa yake basi si kumwambia mtu "usiwaze". Nasaha hiyo ni rahisi kutoa na haifai kitu. Linalofaa ni kulitoa wazo kichwani na kulipeleka mahali: kuandika kurasa mbili mbovu na kumpelekea msimamizi, kumuuliza mwenzake swali lile lile linalomkosesha usingizi, kutenga saa ya kazi na saa ya kufunga kitabu. Kuhusu makosa ya muhula uliopita, yaliyopita si ndwele. Wahadhiri pia wana sehemu yao, kwani rasimu inayokaa miezi mitatu bila kusomwa humwachia mwanafunzi miezi mitatu ya kujihukumu.

Ni bayana, hata hivyo, kwamba si kila dhiki hutibiwa kwa ratiba. Usingizi ukitoweka kwa majuma, chakula kikakosa ladha na mtu akaanza kuyachoka maisha, huo si udhaifu wa nia. Ni maradhi, na anayeugua anastahili daktari na mshauri nasaha. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Ikiwa mahakama imeacha kumwona mgonjwa kama mhalifu, vyuo havina sababu ya kumwona kama mzembe.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aliyejiandikisha kusoma amekwisha kuvua nguo. Kusimama ukingoni akipima baridi ya maji hakumpi joto. Aingie, na asione haya kumwita mwenzake aingie naye.