Altare si Jukwaa

Kwa miaka sita nimekuwa mhudumu wa mlangoni katika kanisa moja la Kikatoliki hapa Kisumu. Kazi yangu ni ndogo: kuonyesha watu viti, kupitisha vikapu vya sadaka, kunyamazisha watoto. Nimemtoa nje kijana aliyekuwa akitafuna chingamu wakati wa Injili. Nimemrudisha msichana nyumbani kwa sababu ya sketi. Na Jumapili moja nilimzuia mama mmoja wa Obunga kwa sababu alinuka samaki.

Yule mama anakaanga mgongo wazi. Kwa wasiojua Kisumu: minofu ya mbuta inakatwa viwandani na kusafirishwa ng'ambo, huku tunabakiwa na kichwa, mifupa na mkia, na kina mama wa Obunga wanaikaanga na kuiuza. Moshi na mafuta yake vinaingia kwenye nywele na sabuni ya kipande haivitoi. Nilimwambia kwa upole, ama nilidhani ni upole, "Mama, leo kaa pale nyuma karibu na mlango, upate hewa." Akaniangalia. "Wuoda, nimeoga," akasema. Akaenda kukaa nyuma. Mimi nikajiona nimelinda heshima ya nyumba ya Mungu.

Wiki tatu baadaye akaja mheshimiwa. Simtaji, na parokia yangu siitaji pia; kama unaishi upande huu wa ziwa, wewe una wako. Aliingia mahubiri yakiendelea, na padri akanyamaza mpaka mgeni akaketi. Walinzi wake wanne walisimama kando ya ukuta, makoti yamevimba kiunoni, mmoja akiongea na simu wakati wa mageuzo. Mimi, yule mkali wa chingamu, sikumwambia kitu. Baada ya Komunyo mgeni akaitwa "asalimie waumini". Akapanda hadi altare, akaipa tabenakulo mgongo, akachukua maikrofoni na kuwachamba wapinzani wake kwa dakika 20. Watu wakacheka. Akatoa bahasha. Tukapiga makofi, na mimi nilipiga.

Sasa niambie, kati ya hao wawili ni nani aliyechafua kanisa?

Tunapenda kusema kanisa ni watu, si jengo. Ni kweli, lakini maneno hayo tunayatumia kama kisingizio. Kanisa linapotabarukiwa, askofu hupaka altare na kuta mafuta ya krisma. Kuta! Mawe na simiti vinapakwa mafuta kama mtoto anayebatizwa. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1210, inasema mahali patakatifu paruhusiwe tu yale yanayosaidia ibada, uchaji na dini, na yasiyopatana na utakatifu wa mahali hapo yamekatazwa. Askofu anaweza kuruhusu matumizi mengine mara moja moja, mradi yasikinzane na utakatifu huo. Mimi sijawahi kuona kipengele kinachosema kumchamba mpinzani kunasaidia uchaji.

Na wala hatuhitaji kanuni za Roma ili tuelewe. Mjaluo gani hajui kwamba nyumba ina heshima yake? Mkwe haingii ovyo kwa mama mkwe wake, na kulala mle ndani ni mwiko. Hata awe gavana, akifika pale anakuwa mkwe tu: anangoja, anaketi anapoonyeshwa, anapima maneno. Hamna bahasha ya kununua ruhusa ya kulala kwa mama mkwe. Basi mtu huyo huyo akija kwa Mungu siku ya Jumapili, mbona anaachiwa nyumba nzima?

Watazame Legio Maria, ambao sisi Wakatoliki tunapenda kuwacheka. Walijitenga nasi huku Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengi wao wanasali kwenye vibanda vya mabati, sakafu ya udongo, hakuna kioo cha rangi hata kimoja. Na pale mlangoni wanavua viatu. Udongo ule kwao ni mahali patakatifu. Sisi tuna marumaru, na juu yake inatembea bastola.

Najua nitakachoambiwa: ati nataka kanisa linyamaze kuhusu siasa. La hasha. Mji huu ulikuwa na Askofu Henry Okullu, aliyeongoza dayosisi ya Kianglikana ya Maseno Kusini kwa miaka 20 kuanzia 1974. Okullu alizungumza siasa wazi, na aliupinga uchaguzi wa mlolongo wa 1988 wakati watu wengi waliogopa hata kunong'ona. Yeye alikuwa anawaambia wenye nguvu yale ambayo hawakutaka kuyasikia. Leo mwenye nguvu ndiye anayetusomea, nasi tunamshikia maikrofoni. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na anayeyachanganya anafanya makusudi.

Isitoshe, maaskofu wenyewe walishasema. Tarehe 12 Septemba 2021, pale Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kianglikana alitangaza kwamba mimbari si ya wanasiasa. Maaskofu Wakatoliki nao wakatoa msimamo kama huo. Kisha Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akakataa pesa ambazo Rais alitoa katika kanisa la Soweto, Kayole: shilingi 600,000 za kwaya na baraza la parokia, na milioni mbili za nyumba ya mapadri. Akaagiza zirudishwe. Anyolo huyo ni wetu. Alikuwa Askofu wa Homa Bay, kisha Askofu Mkuu wa Kisumu. Siku ile huku tulijigamba sana. Jumapili zilizofuata tukaendelea kama kawaida.

Kwa nini? Kwa sababu ya paa, ya choo, ya sare za kwaya. Katibu wetu huniuliza, "Kwani wewe utalipa mabati?" Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kanisa letu halikujengwa na mheshimiwa yeyote. Nilikuwa mtoto, nakumbuka kina mama wakibeba maji kichwani ya kuchanganyia simiti, na sadaka ya sarafu ikihesabiwa mezani mpaka jioni. Ilichukua miaka. Paa likivuja mwaka mmoja zaidi, tutahamisha viti. Mheshimiwa akitaka kutoa, kikapu kinapita mbele yake kama kinavyopita mbele ya wengine, na kikapu hakina maikrofoni.

Nilienda Obunga kumtafuta yule mama, kwa sababu sikuwa nimemwona tena kanisani. Nilimpata kwenye karai lake. Nikanunua samaki wa shilingi 100, akanifungia kwenye gazeti. Nikamwomba msamaha, maneno yakinikwama. Hakukasirika. Alisema siku hizi anasali kwa Legio, karibu na kwake, na kwamba kule wote wananuka moshi wa uvumba kwa hivyo hakuna anayemsikia yeye.

Jumapili ijayo tumetangaziwa mgeni mwingine. Zamu ya mlango ni yangu. Nimemwambia katibu kwamba mwenye bastola ataiacha garini, na kwamba mgeni akitaka kusalimia waumini, uwanja upo nje, chini ya mwembe, baada ya baraka ya mwisho. Ameniambia nitafute mtu wa kunishikia zamu. Sitafuti.