Safari ya kwanza ya mtoto wa visiwani

Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndege ndogo huruka mapema asubuhi kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, zikavuka bahari na kuwashusha watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere au ile ya Mikumi. Watalii hao hushinda wakitazama ndovu, twiga na viboko, na wengine jioni hiyo hiyo huwa wamekwisha rejea Nungwi au Paje kula chakula cha usiku. Dereva aliyewapeleka uwanjani, mpishi aliyewafungia chakula cha njiani, na mtoto aliyewapungia mkono pale Kiembesamaki, aghalabu hawajapata kuwaona wanyama hao hata mara moja katika maisha yao. Hatuwaonei wivu wageni. Fedha wanazoziacha hapa zinalisha nyumba nyingi. Lakini tunaona kuwa wakati umefika wa kuuliza kwa nini mgeni aliyetoka Milano au Warsaw huijua mbuga ya Tanzania kuliko kijana wa Mkwajuni au wa Chake Chake.

Mtoto wa Unguja na Pemba humjua ndovu kwa noti ya shilingi 10,000, kifaru kwa noti ya 5,000 na simba kwa noti ya 2,000. Sarafu ya shilingi 500 ina sura ya Mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Kila anapotumwa dukani mtoto huyo hushika wanyama wa nchi yake mkononi, na huko ndiko kuwajua kwake kote, ukiondoa televisheni.

Neno lenyewe la safari ni letu. Wazee wetu walilitumia kwa kila mwendo, wa kwenda Mombasa kwa jahazi au wa kwenda Makka kuhiji. Wageni walilichukua katika karne ya 19, walipokuwa wakikodi wapagazi wao hapa Unguja kabla ya kuvuka kwenda Bagamoyo, na wao ndio waliolifunga katika maana ya kuwinda, na baadaye ya kutazama wanyama. Leo neno hilo limeandikwa kwenye mabango ya maduka yote ya utalii ya Mji Mkongwe, na mwenye lugha yake hulipita akijua kuwa halimhusu.

Wala si kweli kwamba visiwa hivi havina jambo na ndovu. (Wazee bado husema ndovu, kwa kuwa tembo kwao ni kinywaji.) Katika karne hiyo ya 19 mji wetu ulikuwa soko kubwa la pembe kuliko yote ya Afrika ya Mashariki. Pembe zilitoka ndani ya bara mabegani mwa wapagazi, na pamoja nazo wakaletwa watumwa. Zikapakiwa vyomboni Bagamoyo na Saadani, zikapimwa na kuuzwa hapa. Nyumba ya Tippu Tip bado imesimama Shangani. Na habari hiyo haikwisha pamoja na masultani. Idadi ya ndovu wa Tanzania ilishuka kutoka zaidi ya 100,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, kwa sababu ya ujangili, na katikati ya miaka hiyo, Novemba 2013, kontena lenye shehena kubwa ya pembe lilikamatwa katika bandari ya Zanzibar. Ndovu hawaishi visiwani, lakini mlango waliokuwa wakitolewa nje wakiwa wamekwisha uawa ulikuwa mmoja wa milango yetu. Mtu anayeulinda mlango huo, awe mchukuzi, karani wa forodha au askari, yafaa awe amewahi kumwona ndovu akiwa hai na mtoto wake ubavuni.

Tena tunao mfano wa nyumbani. Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo wa umbo kuliko wa Bara, mwenye madoa yaliyosongamana. Watu wengi waliamini kuwa ni mnyama wa wachawi, anayefugwa ili atumwe kuwadhuru jirani, na baada ya mwaka 1964 alisakwa kwa nguvu. Leo watafiti wengi wanamhesabu kuwa ametoweka, na anayetaka kumwona amtazame aliyekaushwa, katika makumbusho. Kima punju naye alichukiwa na wakulima kwa miaka mingi, jina lake likitokana na imani kwamba ana sumu inayoua mti anaoulia majani. Tofauti ni kwamba kima punju alipata bahati: watu walianza kumtazama. Msitu wa Jozani na Ghuba ya Chwaka ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, vijiji vilivyouzunguka vikapewa fungu katika mapato, na mnyama huyo, asiyepatikana kwa asili popote duniani ila Unguja, yupo bado kwa maelfu. Sisi hatuamini kuwa watu hulinda mnyama kwa sababu wamehutubiwa.

Basi kikwazo ni nini? Watu wengi hudhani ni kiingilio cha hifadhi. Sivyo. Mwananchi wa Tanzania hulipa kwa shilingi, kiasi kilicho kidogo mno kikilinganishwa na dola anazotozwa mgeni, na mtoto hulipa pungufu ya mtu mzima. Kinachomshinda mzazi ni nauli ya boti, gari la kukodi ndani ya mbuga, na pa kulala. Lakini kipo kikwazo kingine ambacho wakuu wanaohusika wanakijua vizuri zaidi kuliko sisi. Utalii si jambo la Muungano, wala elimu ya msingi na ya sekondari si jambo la Muungano. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inahusu Tanzania Bara peke yake. Shirika la Hifadhi za Taifa linasimamia hifadhi za Bara. Wizara ya Elimu ya Zanzibar inasimamia skuli za Zanzibar. Na kazi ya kumvusha mtoto wa skuli kutoka upande mmoja hadi mwingine haikuandikwa katika daftari la mtu yeyote. Imeangukia katikati ya mkondo, na humo imebaki.

Hali hii haipatani na historia. Mwalimu Nyerere alitoa tamko lake la Arusha juu ya wanyamapori Septemba 1961, akiwafanya kuwa dhamana ya taifa kwa vizazi vijavyo. Visiwa havikuwamo wakati huo. Tulipoungana Aprili 1964 tuliirithi dhamana hiyo pamoja na mengine, na mwaka huo huo Mikumi ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Aidha, filamu ya Royal Tour iliyozinduliwa Aprili 2022, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiongoza mwenyewe akiwaonyesha walimwengu mbuga za nchi yetu, ilimtoa mbele ya dunia mwenyeji wa Makunduchi. Ni fahari kubwa. Ingekuwa fahari zaidi lau wanafunzi wa Makunduchi wangeweza kumfuata njia ile.

Hatusemi wapelekwe Serengeti. Serengeti ni mbali na ni ghali. Tunasema Saadani, ambayo iko mkabala na Unguja ya kaskazini, ng'ambo ya mkondo, kwa umbali usiofika kilomita 60. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 1,100, na ndiyo pekee katika Tanzania Bara ambayo mbuga yake ya wanyama wakubwa inafika hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Humo mna twiga, nyati, kongoni, kuro, palahala na simba. Mto Wami una viboko na mamba. Na pwani ya Madete kasa hupanda kutaga mayai, kama wanavyofanya Mnemba na Misali. Mtoto wa mvuvi ataikuta bahari yake ile ile, ila safari hii jua litamzamia nyuma ya mbuga badala ya kuzama majini.

Tuseme kweli pia juu ya upungufu wake. Ndovu wa Saadani ni wachache na wana woga, na makundi makubwa ya televisheni hayako huko. Udongo wake mweusi hugeuka utelezi wakati wa masika, kwa hiyo Aprili na Mei si miezi ya kupeleka watoto. Na hakuna boti halali ya abiria inayotoka Unguja hadi Saadani. Mizigo na watu huvuka usiku kwa bandari bubu, lakini mwanafunzi lazima apite Dar es Salaam na Bagamoyo. Skuli ambayo ingependa wanyama wengi kwa siku moja ingefikiria Mikumi. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huondoka Dar es Salaam, katika kituo kisicho mbali na bandari, na kufika Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili. Kutoka hapo ni mwendo wa basi tu hadi uwanda wa Mkata, wenye pundamilia, nyumbu na ndovu.

Wazazi nao wana maswali, na si haki kuyapuuza. Waliopoteza jamaa zao katika ajali za meli za Septemba 2011 na Julai 2012 hawatamkabidhi mtoto kwa chombo chochote tu. Watataka kujua idadi ya abiria, maboya ya kuvaa, na jina la mwalimu atakayehesabu vichwa wakati wa kupanda na wa kushuka. Watataka mwalimu wa kike kwa wasichana na malazi ya mbali na wavulana, chakula cha halali, na nafasi ya sala. Yote haya yanawezekana, na skuli itakayoyaeleza kwa maandishi mapema itapata ruhusa za wazazi bila shida.

Jambo la afya latakiwa kuangaliwa kwa makini zaidi. Malaria imepungua sana visiwani, hata uchunguzi wa miaka ya karibuni huikuta kwa chini ya asilimia 1 ya watu, na kwa sababu hiyo mtoto wetu hana kinga ya mwili kama ya mwenzake anayeishi kwenye malaria. Asilale Bara bila chandarua, aonane na daktari kabla ya kuondoka, na akipata homa baada ya kurudi apimwe siku hiyo hiyo. Mbung'o nao wapo mbugani. Unguja ilikuwa nao pia, hadi walipotokomezwa mwaka 1996 kwa kuachiliwa madume waliofanywa tasa kwa mionzi, kazi ambayo wataalamu wa nchi nyingi walikuja kujifunza hapa. Mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi, basi mavazi ya safari yawe ya rangi ya mchanga au majani makavu. Na sweta isisahauliwe. Gari la wazi saa kumi na mbili asubuhi lina baridi ambayo mtu wa Pwani haitarajii.

Kubwa kuliko hayo ni kumwandaa mtoto ajue anakwenda kuona nini. Mbuga si bustani ya wanyama, na hakuna anayewapanga. Saa mbili zaweza kupita bila kuonekana kitu ila nyayo na kinyesi, na mwongozaji hodari atasimamisha gari kwa hivyo hivyo, aeleze ni nani aliyepita, lini, na alikuwa akielekea wapi. Mtoto aliyefundishwa kunyamaza ataona mengi. Asishuke garini isipokuwa pale anaporuhusiwa, asimtupie nyani chakula, asiokote mfupa, unyoya wala kombe la kupeleka nyumbani. Tungependa kila darasa lianzie Jozani, ambako siku moja yatosha, likajifunze kutazama kima punju kwa utulivu kabla ya kupelekwa kwa simba.

Tunachokiomba Serikalini si kikubwa. Wizara ya Elimu ya Zanzibar na Shirika la Hifadhi za Taifa zikae meza moja na kuandikiana makubaliano ya kila mwaka: idadi ya wanafunzi, miezi yao, na magari ya kuwazungusha mbugani. Kampuni za boti, ambazo huwa na viti vitupu katika miezi isiyo ya wageni, ziombwe nauli ya wanafunzi, na mwombaji awe Waziri, maana mwalimu mkuu mmoja mmoja hasikilizwi. Wenye hoteli wanaouza safari hizi kwa wageni wao kila siku nao waulizwe watachangia nini. Tunadhani wengi hawajaulizwa.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Wawakilishi hukaa kujadili bajeti kabla ya hapo. Fungu la basi moja na nauli za wanafunzi 40 ni dogo kiasi cha kutoonekana katika vitabu vile, ndiyo sababu tunawaomba Wawakilishi walitafute kwa jina. Wakilikuta, tungependekeza skuli za Mkokotoni na Tumbatu zitangulie, kwa kuwa wao ndio majirani wa Saadani, kisha zifuate za Pemba, ambazo safari yake ni ndefu zaidi na hazipaswi kuachwa hadi fedha zimekwisha.