LUKU inayokata kodi ya jengo haiwezi kukopesha jiko?

Kauli inayokera kuliko zote katika mjadala wa nishati safi ni hii: kupika kwa umeme ni mambo ya matajiri, mnyonge mwachieni mkaa wake. Inasemwa redioni, inasemwa kwenye daladala, na anayeisema hujiona anamtetea mama mwenye kipato kidogo. Hamtetei, anambakiza kwenye gharama kubwa zaidi. Chukua nusu kilo ya maharage. Presha kuka ya umeme huyaivisha kwa takribani nusu uniti, kwa sababu ikishajaa mvuke hujizima na kujiwasha yenyewe, na joto halipotei ovyo. Mteja wa kawaida wa TANESCO akinunua umeme wa Sh1,000 hupata takribani uniti 2.8, kwa hiyo maharage hayo hayafiki hata Sh200. Aliye kwenye kundi la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi analipa kama theluthi tu ya bei hiyo. Sasa nenda na Sh200 kwa muuza mkaa wa Manzese au Mbagala, umwombe mkaa wa kuchemshia maharage hayohayo mpaka yaive. Hatakupimia.

Kwa nini basi mkaa bado unatawala? Kwa sababu mkaa unauzwa kwa kopo, na jiko la umeme linauzwa kwa laki. Tatizo lote liko hapo. Anayeishi kwa riziki ya siku anaimudu elfu ya leo na elfu ya kesho, ila laki ya mkupuo hana. Kulipa analipa kila siku, tena zaidi ya jirani yake mwenye uwezo. Akienda benki ataulizwa hati ya nyumba na uthibitisho wa mshahara, vitu ambavyo mamlishe na fundi baiskeli hawana. Akikosa huko anaangukia mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, ambayo imebeba makochi na majokofu ya watu mchana kweupe, na inasikitisha kwamba biashara hiyo imeachwa itambe mitaani huku mkopo wa heshima wa kununulia jiko ukionekana jambo gumu.

Ugumu huo haupo. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla; nyumba ya kawaida ilianza na Sh1,000 kwa mwezi, ikapandishwa hadi Sh1,500. Siku hiyo hakuna aliyeuliza hati ya mshahara, wala hakuna aliyedai kwamba maskini hawezi kulipa kidogo kidogo. Mita inayoweza kukata kodi inaweza kukata rejesho. Tuseme jiko ni Sh120,000, lilipwe kwa miezi 24: ni Sh5,000 kwa mwezi, hazifiki Sh170 kwa siku. Kaya inayopikia mkaa Dar es Salaam inachoma zaidi ya hizo kabla jua halijapanda. Jirani zetu Kenya wameshaona: kwa zaidi ya miaka kumi kampuni ya M-KOPA imewauzia sola, kwa malipo madogo ya kila siku kupitia simu, watu ambao mabenki yaliwaona hawakopesheki.

Wapo wanaojibu kwamba chakula cha umeme hakina ladha. Hoja hii ni dhaifu kiasi cha kuaibisha. Moshi hauingii kwenye sufuria iliyofunikwa. Ladha inatoka kwenye nazi, kitunguu na mkono wa mpishi. Anayependa wali uliopaliwa makaa na aupalie siku ya sikukuu, maana maharage ya Jumanne hayapaliwi. Kwa ladha hiyo ya kufikirika tunataka wanawake waendelee kuvuta moshi na misitu iendelee kwisha?

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Hatutafika huko kwa kugawa mitungi ya gesi mikutanoni. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, kuujaza kunadai mkupuo mwingine, na nyumba nyingi huugeuza kigoda cha kukalia mbele ya jiko la mkaa. Jiko la umeme likopeshwe kupitia LUKU kwa kila anayelitaka, awe mwenye nyumba au mpangaji. Rejesho lisizidi fedha anayookoa kwa kuacha mkaa, na akimaliza deni jiko liwe lake, ahame nalo popote aendako. Serikali iliyojua kutumia mita kumdai mwananchi inajua pia namna ya kuitumia kumkopesha. Ifanye hivyo.