HESABU YA BAHARI NI HESABU YA CHAKULA

Wako wananchi ambao, wakisikia kwamba fedha ya umma yatumika kuhesabu mimea ya bahari isiyoonekana kwa macho, huuliza: Je, hesabu hiyo itatia samaki chunguni? Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu: Ndiyo.

Mimea hiyo, iitwayo fitoplanktoni, ndiyo malisho ya bahari. Karibu nusu ya chakula chote kinachotengenezwa na mimea ya dunia kwa nuru ya jua hutengenezwa nayo. Miongoni mwake zimo dayatomu, zenye gamba gumu la silika, mfano wa kasha na kifuniko chake. Seli ikigawanyika, kila moja katika zile mbili hurithi nusu ya gamba, kisha hujitengenezea nusu nyingine kwa ndani. Basi iliyorithi kifuniko hubaki na ukubwa wa mzazi, lakini iliyorithi kasha huwa ndogo zaidi. Mwaka 1869 mabwana MacDonald na Pfitzer, kila mmoja peke yake, walilieleza jambo hili. Kizazi baada ya kizazi nyingi hupungua, mpaka zikabiliwe na mawili: kuungana mbegu ya kiume na ya kike na kuanza upya kwa ukubwa kamili, au kufa.

Ukubwa huo una maana. Seli kubwa zaweza kumfikia samaki kwa njia fupi. Seli ndogo hupita vinywa vingi kwanza, na katika kila kinywa yapata sehemu moja tu ya kumi ndiyo huendelea mbele. Tena seli kubwa huzama upesi, zikichukua kaboni vilindini. Kwa hiyo mtaalamu atungaye modeli kana kwamba seli zote ni sawa hukosea hesabu ya samaki, na ya hewa pia.

Neno letu ni hili. Modeli haiwezi kuwa ya kweli kuliko vipimo vilivyotiwa ndani yake. Bahari yetu ni ya joto, ina Kusi na Kaskazi yake. Vipimo vya bahari za baridi haviwezi kutujibia. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Unguja tangu 1978. Twaitaka Serikali iiongezee mashua, hadubini na vijana waliofunzwa, ili kazi ya kupima isikatizwe mwaka hata mwaka, na wavuvi waelezwe yaliyoonekana. Maana hesabu ikikosewa ofisini, anayelala na njaa ni mvuvi.